Baba Mkwe Aliponigeuzia Mgongo

Akina mama wenzangu wa kanisa, niacheni niseme nimesimama, maana nikikaa nitapasuka kwa furaha! Mnaniona hapa mke wa mtu, tena mama. Kuna wakati niliambiwa mimi si kimoja wala kingine.

Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha. Wazungu wa sinema walikuja na gari lao Hasamba, nilikoolewa, wakataka mwanamke kijana wa kuigiza. Picha ya mafundisho ya afya, walisema. Mume wangu akakubali, nami nikavaa gauni langu la kanisani. Loo! Wakanivua gauni, wakanipa kaniki iliyochanika. Mkalimani wao akaniambia, "Tikisa mabega. Cheka na hao wanaume, inua hiyo kata ya pombe." Ilikuwa maji, ndugu zangu! Bibi wa Kizungu yeye alivaa nyeupe, akambeba mwanangu mchanga, ati anamwokoa. Nikadhani ni mchezo tu.

Sasa ninyi mnajua, kwetu mke wa mwana hatazamani na baba mkwe. Nikisikia kikohozi chake naingia migombani. Tukikutana ghafla, yeye hugeuza mgongo. Ndiyo heshima. Basi siku ya sinema pale Vwawa, shuka nyeupe ikatundikwa, giza likaingia, nikatokea mkubwa kama nyumba, mabega wazi, namchekea baba mkwe usoni! Mkalimani akapiga kelele kwenye kipaza sauti, "Mwanamke wa Kiafrika ndivyo alivyo! Pombe na wanaume!" Watu wakaangua kicheko. Baba mkwe akajifunika blanketi kichwani, akakimbia.

Kesho yake nikarudishwa kwetu Isongole. Mume wangu aliinamisha kichwa. Mtoto akabaki kwa bibi yake, na maziwa yananiuma kifuani. Wanaume njiani wakawa wananiita, "Wewe wa sinema, njoo!" Ndugu zangu, nawaambia, nilifika mahali nikaanza kuamini kwamba yule wa kwenye shuka ndiye mimi.

Shangazi yangu akasikia gari la sinema limerudi Vwawa. "Utalia mpaka lini? Inuka, twende!" Tukaenda kwa miguu, tukalala njiani.

Picha ilipoanza, nilipita katikati ya watu mpaka mbele ya shuka, mwanga ukanipiga usoni. Nikapaza sauti, "Mimi ndiye! Kata ilikuwa na maji! Mtoto ni wangu, nilimnyonyesha asubuhi ile! Mbona hamkunipiga picha nikipalilia kahawa? Mbona bibi yenu hakuvuliwa nguo?"

Kisha baba mkwe, kumbe naye alikuwamo pamoja na mama mkwe, akasimama, akageuza mgongo.

Watu wakaguna, wakidhani ananikataa. Wapi! Alinipa mgongo kama mtu anavyompa mkwe wake, mbele ya umati wote! Akasema akitazama gizani, "Zimeni taa yenu. Mke wa mwanangu hatazamwi hivyo." Akamgeukia mama mkwe. "Mpe mtoto wake."

Mama mkwe akamfungua mtoto mgongoni. Jamani, nilipiga kigelegele peke yangu, nikarudi Hasamba kwa mume wangu!

Asante shangazi, ulinikokota. Asante mama mkwe. Wewe baba mkwe najua uko nje ya dirisha, umetugeuzia mgongo, asante. Nanyi mliocheka siku ile, wengine mmo humu, nawaona! Nimekwisha kuwasamehe. Ila mkionyeshwa tena mwanamke mweusi hana nguo, kabla ya kucheka ulizeni ni nani aliyemvua.