Kufuli la Nje

Benchi la Bakiri liko mbele ya spaza yake, kiduka cha mtaani, hapo Rosettenville, na mtu akitaka kulikalia sharti awe na mambo mawili: kiu ya kahawa chungu na ulimi usiochoka. Jumamosi ile ya mwezi wa tisa mwaka 2019 walikaa wale wale. Naseeb wa Tanga, muuza makava ya simu, wanayemwita Robot, jina la taa za barabarani huku, kwa kuwa mwenzake akianza kusema yeye humnyooshea kiganja cha kumsimamisha. Khatibu wa Mombasa, wanayemwita Sandton kwa sababu anafanya kazi benki huko Sandton, kwa matajiri, na hakosi kuwakumbusha. Na Gustave wa Bukavu, fundi cherehani, mwenye karakana ng'ambo ya barabara, ile yenye kufuli kubwa mlangoni. Mpita njia angeapa pamefungwa. Kumbe ndani kina mama wanne walikuwa wanashona sare za kwaya, na mmoja wao ni Léocadie, mke wake Gustave. Tangu maduka ya wageni yalipovunjwa na kuporwa mwanzoni mwa mwezi, Gustave alikuwa akiwafungia kwa nje asubuhi na kuwafungulia mchana, huku akiwalinda kwa macho kutoka benchini. Benchi zima liliijua siri hiyo. Anayeuliza huambiwa hakuna mtu.

Siku hiyo kahawa haikumshuka Gustave. Asubuhi, kabla hajabana kufuli, Léocadie alimwambia: "Leo mwisho. Jumatatu ukitaka kunifungia tena, mi siingii, na hawa wengine hawaingii." Mwanamke yule hana maneno mengi, na akisema amesema. Kwa hiyo Gustave alikuja kijiweni kutafuta kitu kimoja tu: watu wa kumwambia kwamba yeye ndiye mwenye haki. Akawamwagia yote.

— Sasa niambieni, akamalizia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, ambamo watu ni batu. Mi niko na kosa gani? Mwizi akiona kufuli inje, anajua hakuna batu, anapita. Bamama beko salama. Voilà.

— Salama kabisa, Papa Gustave! akadakia Naseeb. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nasema tusihangaike na ufa, tujenge ukuta moja kwa moja!

— Robot, akasema Bakiri akimimina kahawa, methali hiyo inakukataza ukuta, wewe unaufanyia harusi.

— Kila mtu na wahenga wake, bwana.

Khatibu alikuwa kimya, na Khatibu akiwa kimya ujue kuna la Sandton linakuja.

— Jana kazini tulifanya zoezi la moto, akaanza. King'ora kikalia, watu wazima na tai zetu tukashuka ngazi kama wanafunzi. Yule mama aliyekuja kutufundisha akatuuliza: mnajua kwa nini mlango wa dharura unausukuma kwenda nje, na kwa nini haufungwi?

— Ili bosi asikuone unavyotoroka, akasema Naseeb.

— Nyamaza, yakhe. Alisema sheria nyingi za milango hii zina mizizi kwenye kiwanda kimoja cha nguo huko New York, mwaka 1911. Wasichana wanashona blauzi, ghorofa za juu kabisa. Moto ukashika vitambaa. Wakakimbilia mlango, mlango umefungwa. Wenye kiwanda walikuwa wanafunga ili mtu asitoke na kitambaa, na ili wapekuliwe pochi wakitoka. Walikufa watu mia na arobaini na kitu. Wengine waliruka dirishani, watu wa chini wanatazama.

Naseeb alisahau kunyoosha kiganja.

— Inna lillahi, akasema Bakiri.

— Lakini bale balifunga sababu ya bwizi ya bafanyakazi, Gustave akasema haraka. Mi nafunga sababu ya bwizi ya inje. Si sawa hata kidogo!

— Moto unauliza hayo? akasema Bakiri.

Gustave akajifanya hakusikia. Karakanani kwake kulikuwa na pasi ya umeme, marobota ya vitambaa mpaka dari na dirisha lenye vyuma. Alijikaza asiwaze hivyo, lakini alikwisha kuwaza.

— Na bale baboss? akauliza. Balifungwa?

— Walishtakiwa, wakaachiwa. Ilibidi ithibitishwe kwamba walijua mlango umefungwa saa ile ile ya moto. Baraza la mahakama likaona haikuthibitika.

— Unaona! Gustave akapiga paja. Hata Amerika ilisema habana kosa!

— Wewe kesi yako ngumu zaidi, akasema Naseeb. Wao walisema hawajui. Wewe ufunguo uko mfukoni na mlango unautazama huku unakunywa kahawa. Jaji hachukui hata dakika tano!

Walicheka, na Gustave akacheka nao kidogo, kicheko cha kuazima.

— Lakini haikuishia hapo, Khatibu akaendelea. Mji ulikasirika. Ikaundwa kamati, ikaingia kiwanda baada ya kiwanda, wakatazama ngazi, vyoo, watoto wanaofanyishwa kazi. Sheria zikapita nyingi: mlango usifungwe kazi ikiendelea, ufunguke kwenda nje, watu wafanye zoezi la moto, na saa za kazi za wanawake zikapunguzwa. Na hao wanawake, wakati ule, kura hawana.

— Hapo pana siri, akasema Naseeb, na sasa kiganja kikapanda. Sandton, wewe umesoma lakini hujafikiri. Nani aliyefaidi? Wauza komeo! Sheria ikisema badilisha milango yote ya New York, nani anauza milango mipya? Maseremala! Mageuzi yote ya Marekani yalipangwa na maseremala.

— Na vyoo vilipangwa na nani? akauliza Bakiri.

— Mafundi bomba. Walikuwa kitu kimoja! Na sikiliza nikupe kubwa zaidi: nchi ambayo mlango unafunguka kwenda ndani, serikali ndiyo mwenye nyumba. Unaofunguka kwenda nje, mwenye nyumba ni raia. Nenda kachunguze mlango wa kituo cha polisi chochote duniani, kisha uje unibishie.

— Mimi naona hivi, akasema Bakiri, na yeye hasemi ovyo. Serikali haisikii mtu anayepumua. Inasikia jeneza. Ni sawa na sisi hapa na chama chetu cha kuzikana. Kumsafirisha maiti mpaka Tanga tunaweza. Kumnunulia mgonjwa dawa, tunaulizana.

Maneno hayo yalikuwa ya kweli mno kwa benchi lile.

— Khatibu, Gustave akasema taratibu. Bale babinti. Bao benyewe habakusema kitu, kabla ya moto?

— Walisema, ndugu yangu. Mwaka mmoja na zaidi kabla, waligoma, wao na maelfu ya wenzao wa viwanda vingine. Mishahara, saa za kazi, usalama. Wenye kile kiwanda walikataa kukitambua chama chao. Na wengi walikuwa wageni, Wayahudi na Waitalia, Kiingereza chenyewe cha kuokoteza.

— Bageni?

— Wageni kama sisi.

Gustave akatazama ng'ambo. Leo mwisho, Léocadie alisema, na yeye akamjibu kwa kubana kufuli. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayopanda shingoni.

Wakati huo akatokea dada mmoja na mfuko wa vitambaa, lafudhi yake ya Unguja, mgeni kabisa mtaani.

— Asalaam alaykum kaka zangu. Naitwa Sumaiya, nimehamia nyumba ya pale pembeni. Nimeambiwa hapa kuna mafundi wazuri wa kike. Mbona naona kufuli? Mle ndani kuna mtu?

Kazi ya kujibu aghalabu ilikuwa ya Naseeb. Alikuwa hodari nayo, hujibu hata kabla hajaulizwa. Safari hii alitazama kikombe chake. Khatibu akatazama viatu. Bakiri akashika birika na asimimine. Dada Sumaiya akawaangalia mmoja mmoja, akadhani labda ameuliza vibaya.

"Hakuna mtu," ndilo neno lililokuwa tayari mdomoni kwa Gustave. Alikuwa amelisema siku zote hizo bila kulionja. Leo likamwia chungu. Angemwambia mgeni huyu hakuna mtu, na pasi ikiangukia kitambaa siku yoyote, mgeni huyu angepita na mfuko wake, akijua kwa hakika kwamba hakuna mtu.

— Beko, akasema. Bibi yangu iko ndani. Na benzake.

Akavuka barabara bila kungoja magari yapungue. Kufuli likagoma kwanza, kisha likakubali. Akasukuma mlango.

Cherehani zote zilikuwa kimya na taa imezimwa. Hakuona mtu.

— Léocadie?

Hakuna aliyejibu. Yeye mwenyewe aliwafundisha: kufuli likiguswa saa isiyo yake, zimeni taa, jificheni, asiitike mtu.

— Léocadie, ni mie. Falonne! Jeanne! Mwatumu! Ni mie Gustave.

Nyuma ya marobota vitambaa vikasogea. Léocadie akatoka, mkasi mkubwa mkononi, jasho usoni, na nyuma yake wale watatu wameshikana.

— Baporaji bamekuja?

— Hapana. Nimefungua tu, akasema Gustave akimnyooshea kufuli na ufunguo wake. Shika weye. Haitafungwa tena kama muko ndani.

Léocadie hakuvipokea mara moja. Alitazama mlango ulio wazi, na barabara, na watu wanaopita.

— Na siku ile bakikuja kweli?

Gustave akavuta kiti cha wateja, akakiweka karibu na mlango, upande wa ndani, akakaa.

— Tutakuwa wote humu, akasema. Washeni taa.