Mama Majani na Mchuzi Usiokuwa Wake

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, saa moja asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Alitanguliwa na kaka, akafuatwa na mdogo wake wa kike, ambaye marehemu alimbeba mgongoni tangu yeye mwenyewe hajafikia urefu wa meza.

Akiwa na miaka tisa alifuga sungura mweupe katika sanduku la mbao uani. Siku moja alirudi kutoka shule akakuta mchuzi unanukia mezani, na mama yake akamwambia ni kuku. Alikula, akaongeza, akalamba vidole. Kisha akatoka kumpelekea sungura wake maganda ya karoti, akakuta sanduku tupu. Wengi mnajua kwamba tangu siku ile hakugusa tena nyama. Wachache wanajua alichokisema, naye alikirudia mpaka uzeeni: "Wangeniambia, ningelala njaa tu. Mbona hawakuniambia?"

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, akiwa wa nne darasani ingawa hesabu zilimpiga chenga. Nafasi ya kuendelea na masomo alipewa kaka, yeye akabaki nyumbani kumsaidia mama. Hakuweka kinyongo, ila kila kaka alipokosea kuandika barua alimkumbusha.

Machi 1979 aliajiriwa katika jiko la shule ya bweni, akapika hapo karibu miaka thelathini na mitano. Alipikia watoto mia nne nyama asiyoionja. Kazi ya kuonja alimpa mdogo wake, aliyekuwa akiosha vyombo hapo hapo. "Wewe ndiye ulimi wangu," alimwambia. Mdogo wake akisema chumvi imekolea, sufuria iliteremshwa bila swali.

Tarehe 12 Desemba 1981 aliolewa na seremala, mtu wa maneno machache, wakajaliwa binti na mwana. Seremala alifariki mwaka 2009. Aliacha meza sita alizomtengenezea mkewe kwa ajili ya mgahawa ambao siku hizo ulikuwa bado wa mdomoni.

Alistaafu Desemba 2013, na Jumatatu tarehe 3 Machi 2014 akaufungua: mgahawa wa vyakula vya mimea mitupu. Alikuwa na miaka hamsini na mitano na hajawahi kumiliki hata meza ya karanga. Alimwagiza mchora vibao aorodheshe kila kisichopatikana ndani, naye akaandika kwa herufi nyekundu: HAKUNA NYAMA. HAKUNA SAMAKI. HAKUNA MAYAI. HAKUNA MAZIWA. Wapita njia walisoma, wakadhani chakula kimekwisha, wakaenda zao. Siku ya kwanza alipika sahani arobaini za maharage, dengu na uyoga. Zililiwa sita, mbili kati ya hizo na mchora vibao. Mtaa ukambandika jina la Mama Majani. Kwa kuwa alizoea kupikia watoto wasio na pa kwenda, hakujua kumbembeleza mteja. Aliyeuliza nyama iko wapi alionyeshwa kibao.

Mteja mmoja tu hakukosa. Alikuwa fundi saa wa ng'ambo ya barabara, mzee aliyeweka nadhiri ya kutokula nyama siku alipomzika mwanawe, na alikuwa ameitunza kwa miaka ishirini na miwili. Alisema hapo ndipo mahali pekee anapokula bila kuuliza.

Kufikia Oktoba marehemu alikuwa amekonda. Alikaa mchana kutwa mkabala na mlango, amekunja mikono, akitazama watu wakipita. Mdogo wake aliyemsaidia jikoni alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamharibia. Kila asubuhi alianza kuja na chupa ya chai, na ndani yake hamkuwa na chai. Mlikuwa na supu ya mifupa, aliyoimimina katika maharage dada yake alipogeuka. Mwezi haujaisha, watu wakajaa. Viti vikaazimwa. Marehemu akarudisha mwili, akaanza hata kuimba, akasema mkono wake hatimaye umekubali. Hiyo ndiyo miezi minane ya furaha aliyoipata katika biashara ile.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 15 Juni 2015, alifungua friji akakuta mchuzi uliobaki umeganda utando mweupe juu. Yeye alipikia mafuta ya alizeti, na hayo hayagandi hivyo. Alimwita mdogo wake, akampa kijiko.

"Onja."

Mdogo wake hakuonja. Alisema, "Ni mifupa, dada. Tangu Oktoba."

Marehemu alifunga friji. Kisha akasema, "Kumbe haukuwa mkono wangu."

Mchana huo alisimama mlangoni, akamwambia kila aliyefika kwamba kwa miezi minane amelishwa supu ya mifupa. Mmoja alitema mate. Mwingine alicheka, akaomba apewe hiyo hiyo. Fundi saa alimtazama, akamuuliza, "Ulijua?" Alijibu, "Jiko ni langu." Mzee alivuka barabara na hakurudi tena. Mgahawa ulifungwa tarehe 30 Septemba 2015. Mtaani alijulikana kama mwanamke aliyedanganya watu, na hilo alilibeba miaka minane na zaidi bila kumtaja mtu.

Januari 2023 alianza kuumwa tumbo, na madaktari wakagundua saratani ya kongosho. Mdogo wake alimuuguza. Alipomwomba ruhusa aende kwa fundi saa kusema ukweli, marehemu alikataa. "Mimi naondoka," alisema. "Wewe bado utaishi na watu hawa." Alifariki Jumamosi, tarehe 17 Februari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mdogo wake.

Juzi familia ilipokaa kuandaa maneno haya, kaka alishauri iandikwe kwamba mgahawa ulifungwa kwa sababu za kiafya. Aliyeshika kalamu alikataa.

Ameacha binti, mwana, wajukuu wanne, kaka, na mdogo wake mmoja wa kike, ambaye ndiye aliyemimina supu ile na ndiye anayewasomea.

Fundi, umesimama pale langoni, nakuona. Uliuliza kama alijua. Hakujua.

Na apumzike sasa kwa amani. Jiko lake lilikuwa safi.