Nani Ataongea na Mgombea

Benchi la mteremkoni ni langu, ingawa ukiwauliza wanaolikalia watakuambia ni mali ya umma. Mimi ni fundi viatu. Nililiweka nje ya kibanda changu ili mteja apate pa kukaa akiwa na mguu mmoja wazi, lakini ikifika saa kumi jioni mteja wangu husimama, maana benchi limeshajaa waendesha baiskeli. Mama wa kahawa naye kaweka birika lake hapohapo, na vikombe anasuuzia kwenye ndoo yangu. Spika, anayependa kuhutubia, hubeba mayai. Kifungu hubeba magazeti. Zamani aliwahi kufagia mahakamani na tangu hapo hasemi neno bila kutaja kifungu cha sheria. Kobe hubeba mikate, na jina lake kalipata kwa mwendo. Wakimaliza kazi wanaegemeza baiskeli zao kwenye ukuta wangu, wanaagiza kahawa, wanaanza kuitengeneza nchi. Wameitengeneza tangu mimi nikiwa na nywele, na iko vilevile.

Jioni ninayoisimulia, benchini kulikuwa na nafasi moja wazi. Ilikuwa ya Mtindi, mpeleka maziwa, tuliyempa jina hilo kwa sababu maziwa yake hufika chini yametikiswa vya kutosha. Asubuhi ya siku ile alikuwa akishuka na madumu yake, lori likatoka kinyumenyume pale kwenye duka la saruji, naye akakwepa akaingia kwenye lundo la kokoto. Niliona kwa macho yangu. Kavunjika mfupa wa bega, mkono kafungiwa shingoni, na baiskeli yake haifai tena hata kuanikia nguo. Mwenye ng'ombe, anayekaa kule juu, alituma pole zake pamoja na ujumbe: watoto wa chekechea na wagonjwa wa zahanati hawanywi pole. Maziwa yasiposhuka kesho asubuhi, kazi anapewa mtu wa pikipiki. Mtindi anaishi na mama yake mzazi na dada yake, na wote watatu wanaila kazi hiyo hiyo moja.

Sasa ikatokea kwamba kesho hiyohiyo mgombea angepita mtaani kwetu kuomba kura. Spika akasema hii si ya kuachia, mgombea lazima aelezwe habari ya mteremko huu. Wote wakakubali, na hapo ndipo makubaliano yao yalipoishia.

— Tuanze na la msingi, alisema Spika. Nani ataongea na mgombea?

— Unataka kuongea wewe, alisema Kobe. Sema tu.

— Mimi sitaki. Nikiombwa nitakubali.

Hakuna aliyemwomba. Akanywa kahawa yake kimya, akimpa kila mmoja muda wa kutosha wa kumwomba.

Kifungu akasema kabla ya kujua nani ataongea, ni vizuri kujua ataongea nini. Yeye kwa uchunguzi wake, tatizo la mteremko ule si mteremko. Tatizo ni kwamba mwendesha baiskeli kisheria hayupo. Gari lipo, mtembea kwa miguu yupo, mpaka ng'ombe yupo. Sisi, alisema, tumetajwa mara moja tu, tena pamoja na ng'ombe.

— Kwa hiyo unataka kusema nini? aliuliza Kobe.

— Nasema Mtindi kisheria hakuanguka. Huwezi kuanguka barabarani kabla hujatambuliwa kuwa upo barabarani.

— Bega limevunjika, nikasema mimi.

— Bega ni mambo ya zahanati, fundi. Mimi naongelea barabara.

Spika akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayesikiliza mtoto akihesabu. Akasema Kifungu anaangalia karatasi wakati siri iko kwenye udongo. Yeye ameufanyia utafiti mteremko huu miaka yote anayoushuka na mayai. Je, tumewahi kujiuliza mikutano ya kampeni hufanyika wapi? Uwanja wa chini. Kwa nini isiwe juu, kwenye kivuli na hewa safi? Kwa sababu chini watu wanafika tu, watake wasitake. Unatoka nyumbani kwako una safari zako, barabara inakushusha, unashtukia umevalishwa kofia na unapiga makofi. Barabara hii ililazwa hivi makusudi.

— Kilima kilikuwepo kabla ya uchaguzi, alisema Kobe.

— Una ushahidi?

Kobe hakuwa nao. Kwa kuwa hakuwa nao, akaleta wa kwake. Alisema yeye ameona watu wengi wakianguka na baiskeli, kwa sababu anakwenda polepole na anapata nafasi ya kutazama, na jambo moja liko wazi: mwenye mke huanguka kushoto, asiye na mke huanguka kulia. Mtu aliyegombana nyumbani, moyo unakuwa mzito, na moyo uko kushoto. Ndiyo hivyo tu.

— Mtindi kaangukia wapi? aliuliza Kifungu.

Wakanigeukia mimi, shahidi. Nikasema kokoto ziko kushoto.

— Mtindi hajaoa, alisema Spika.

— Hajatuambia, alisema Kobe.

Hapo mjadala ukaacha barabara kabisa. Kwa muda wa kumaliza vikombe viwili walijaribu kumtafuta mke wa Mtindi. Spika alimshuku muuguzi wa zahanati, maana dumu la zahanati hufika la kwanza. Kifungu akamtetea muuguzi kwa hoja ndefu. Mama wa kahawa akasema kama kuna mwanamke aliyeolewa na mtu anayeamka saa tisa za usiku kukamua ng'ombe wa watu, basi huyo mwanamke apewe pole yake kando. Walipochoka na ndoa wakarudi kwa mgombea, na swali likawa ni nini hasa aombwe. Spika alitaka tuta. Kifungu alitaka kibao chenye picha ya baiskeli peke yake, bila ng'ombe. Kobe alisema tuta na kibao ni mambo madogo; mateso makubwa ni kupanda, si kushuka. Mgombea aombwe barabara iteremke pande zote mbili.

— Haiwezekani iteremke pande zote mbili, alisema Kifungu.

— Ndiyo maana tunamwomba mwanasiasa.

— Wahenga walisema, alianza Spika.

— Wahenga hawakupanda baiskeli, alisema Kobe, na wahenga wakaishia hapo.

Nilikuwa na hasira. Mtindi ni rafiki yangu, ndiye pekee kati yao anayeuliza kabla ya kuegemeza baiskeli ukutani kwangu. Nilikuwa nagonga msumari mdogo kwa nguvu isiyo yake, nikijiambia kwamba tangu waketi hakuna aliyetaja yale maziwa ya kesho. Ndipo dada yake Mtindi akatokea, akishuka kwa miguu, kanga kaifunga kiunoni kama mtu aliyekatiza kazi. Wote wakajisogeza, nafasi ya kaka yake ikawa kubwa zaidi. Hakuketi.

Wakamuuliza hali ya mgonjwa. Akasema ana maumivu lakini anakula. Wakampa pole, kila mmoja ya kwake, na ya Kifungu ilikuwa na sehemu mbili. Yeye akazipokea zote, akasubiri ziishe, akasema shida yake. Hakuja kuwaomba wamsaidie kupeleka maziwa, anajua asubuhi kila mtu ana mzigo wake. Atayapeleka mwenyewe. Kuendesha anajua, kaka yake alimfundisha. Anachokosa ni baiskeli.

— Chukua yoyote, dada yetu, alisema Spika, na akafungua mikono kuelekea ukutani kama mwenye duka.

— Ahsanteni sana, kaka zangu. Akazitazama zile baiskeli tatu, moja baada ya nyingine. Ipi ina breki?

Kahawa ikapoa mikononi mwao. Spika alizitazama baiskeli kana kwamba ziliegemezwa pale na watu asiowajua. Kobe akarudisha miguu yake chini ya benchi, taratibu.

— Breki kwa maana ipi? aliuliza Kifungu.

— Kwa maana ya kusimama.

Mimi ndiye ninayewatia soli, naijua hiyo habari kuliko mtu yeyote. Pale mtaani baiskeli husimamishwa kwa kiatu: unaunyoosha mguu wa kulia nyuma, unakandamiza soli kwenye tairi, unaomba Mungu. Hivyo ndivyo mayai yanavyoshuka, na magazeti, na mikate, na hivyo ndivyo yalivyokuwa yakishuka maziwa hadi lilipotoka lile lori. Breki hununuliwa, zikiisha watu huahidi kununua nyingine, na ahadi yenyewe inazeeka. Dada yake Mtindi alikuwa amevaa ndala.

Alielewa bila kuelezwa. Akasema basi ataishusha kwa kuikokota. Kobe akamwambia ukweli, na nilimpenda kwa hilo: baiskeli isiyo na breki ikiwa na madumu manne huikokoti wewe, inakukokota yenyewe. Yule dada akakaza kanga yake kiunoni. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba mama yao hajatulia tangu alipousikia ule ujumbe wa mwenye ng'ombe, wala mchana hakutia kitu kinywani, na yeye hawezi kurudi nyumbani kumwambia kwamba ameshindwa na mteremko. Akachukua baiskeli ya Kobe, akaaga, akaanza kuisukuma kwenda juu.

Kikao cha benchini kilivunjika mapema siku hiyo. Hawakuagana vizuri hata na mama wa kahawa.

Asubuhi nilipofika kufungua kibanda niliwakuta wote watatu wamesimama barabarani bila mizigo. Nikauliza mayai yako wapi. Spika akasema mayai hayana haraka, kuku amekwisha kuyataga. Walichokuja kutafuta kwangu ni kamba, ile nene ninayofungia mlango wa kibanda. Nikawapa, na kwa kuwa kamba ni yangu na ninawafahamu, nikafuata.

Kule kwa mwenye ng'ombe yule dada alikuwa ameshapakia madumu, mawili kila upande wa keria. Hakushangaa kutuona, au kama alishangaa hakutaka kutupa faida hiyo. Tukaifunga kamba kwenye keria. Yeye akashika usukani, sisi wanaume wanne tukaja nyuma tukiwa tumeivuta kamba, visigino vimezama kwenye vumbi, na hivyo ndivyo baiskeli ya Kobe ilivyopata breki kwa mara ya kwanza tangu ainunue. Walibishana njia nzima. Kifungu alisema anayetangulia kwenye kamba ndiye kiongozi kisheria. Spika akasema kiongozi hukaa nyuma ili aone wote. Kobe alisema mwendo ni mzuri, tuupunguze kidogo.

Tulipofika penye kokoto, pale barabara ilipobanwa, tukakutana uso kwa uso na gari la mgombea likipanda. Lilikuwa na bendera pande zote na kipaza sauti juu. Dereva akapiga honi. Sisi tukaegemea nyuma kwa uzito wetu wote, baiskeli ikasimama, madumu yakalia. Kioo kikashuka. Mgombea akatoa uso, uso wenye tabasamu lilelile la kwenye mabango, akatutazama wanaume wanne tunaovuta baiskeli kurudi tulikotoka huku msichana akiipeleka mbele.

— Ndugu zangu, alisema. Niambieni, mnataka nini?

Kifungu akamtazama Spika. Kobe akamtazama Spika. Mimi pia, nakiri, nilimtazama. Ilikuwa ndiyo siku yake. Miaka yote ya benchini alikuwa akijiandaa kwa swali hilo moja. Kamba alikuwa kaizungusha mara mbili kwenye kiganja na vidole vyake vimegeuka rangi. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta.

— Pisha, alisema Spika.

— Nini?

— Rudi nyuma, mheshimiwa. Maziwa yanachelewa.

Mgombea alingoja kidogo, huenda akidhani kuna hotuba inafuata. Haikufuata. Gari likaanza kurudi kinyumenyume, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kugeuzia, likarudi hivyo mpaka chini kabisa, bendera zikipepea upande usio wake, nasi tukilifuata kwa mwendo wa Kobe.

Muuguzi alikuwa mlangoni na sufuria yake. Akapokea maziwa ya zahanati, akauliza hali ya Mtindi, akafuta macho haraka na upande wa koti lake, na Kobe akamkanyaga Spika mguu ili asiseme kitu. Chekechea wakapata ya kwao watoto wakiwa bado wanaimba wimbo wa asubuhi. Dada yake Mtindi akayafunga madumu matupu kwenye keria, akatugeukia.

— Daktari kasema bega litachukua mwezi na zaidi, alisema. Leo mmenisaidia, Mungu awalipe. Na kesho?

Kila mmoja alikuwa na wateja waliokuwa wakimsubiri tangu alfajiri na tayari wakimlaani, na mimi kibanda changu kilikuwa wazi, hakina kamba ya mlango. Kifungu alikuwa akiikunja ile kamba taratibu, duara juu ya duara, na alipomaliza nikanyoosha mkono niichukue. Akaitia begani kwake, akasema kamba hiyo ina kazi kesho, akaanza kuupanda mlima.