Mama Hapana Anatuaga Kiwandani

Meneja wetu wa mauzo anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja katika kiwanda hiki cha magodoro, na kila anachokijua kuhusu kazi hii nilimfundisha mimi.

Basi, tusidanganyane. Nilimfundisha kufungua mlango wa stoo uliokuwa ukikwama: unauinua kidogo, halafu unausukuma kwa nyonga. Mengine alikuja nayo au aliyatafuta mwenyewe. Mimi ni fundi wa kushona makava, shule tuliachana darasa la tano kwa maelewano ya pande zote mbili, na nimepewa kuandika haya kwa sababu wakubwa waliomfahamu tangu mwanzo wameshaondoka, wengine kwa hiari yao.

Alikuja na shahada ya biashara na viatu vya kisigino, akapewa dirisha la malalamiko. Dirisha hilo liko nyuma ya kiwanda, pale magodoro yaliyoharibika yanaporudishwa na wenyewe wakiwa wamenuna. Wasomi waliomtangulia walikuwa wakikaa pale siku chache, kisha wanaumwa ghafla. Yeye alivua visigino, akavaa kandambili, akakaa miaka mitatu. Mtu anafika anafoka, anatukana mpaka ukoo, yeye anamwacha amalize, kisha anamwuliza taratibu, "Sasa nionyeshe, huwa unalalia upande gani?" Waliokuja na ngumi waliondoka wakimsimulia habari za mgongo wa mama mkwe. Wakati ule nilimwita mwanangu. Alipopanda mpaka akawa meneja nikaanza kumwita mama, na umri wangu haukupungua hata siku moja.

Jina la Mama Hapana alilipatia chuoni. Chuo cha biashara alichosoma kilimwalika azungumze na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, awaeleze mtu anafanyaje mpaka afanikiwe. Mkurugenzi wetu wa siku hizo alifurahi, akaja mwenyewe, akakaa mstari wa mbele na tai yake nyekundu. Mimi nilienda kubeba godoro la maonyesho.

Mama alizungumza vizuri. Aliwaambia cheti kinafungua mlango, lakini ukishaingia hakuna anayekitazama tena. Aliwaambia waombe ile kazi inayokimbiwa na wenzao, kwa kuwa ndiko kampuni inakoficha ukweli wake. Akamalizia kwamba mtu asiuze kitu ambacho mwenyewe hawezi kukitumia nyumbani kwake.

Makofi yakapigwa. Ndipo binti mmoja mwembamba akasimama kule nyuma, akauliza kwa adabu zote, "Shikamoo mama. Wewe nyumbani unalalia godoro la kiwanda chenu?"

Jibu la kumtoa pale lilikuwa rahisi, hata mimi nililitamka kimoyomoyo kwa niaba yake. Yeye alimtazama yule binti, akamtazama mkurugenzi, akasema, "Marahaba mwanangu. Hapana." Kisha akaeleza kwamba yetu yanabonyea katikati kabla mwaka haujaisha, naye ana mgongo mmoja tu.

Tulirudi kiwandani kwenye gari moja, na sijawahi kuisikia injini vizuri kama siku ile.

Asubuhi yake mkurugenzi alimpa njia mbili: arudi chuoni aseme alikuwa anatania, au akabidhi ofisi. Nilikuwa nje ya mlango nikitengeneza kiti ambacho hakikuwa kimeharibika, kwa hiyo sikupitwa na neno. Mama hakupandisha sauti. Aliomba apewe mwaka, na sponji irudishiwe uzito wake wa zamani, ule uliopunguzwa ili bei ishuke. "Mwakani nitasimama ukumbi ule ule nijibu swali lile lile," alisema. "Jibu likiwa bado ni hapana, sitakusumbua kunifukuza, mzee. Nitachukua mkoba wangu nitoke." Mkurugenzi akamwuliza kama anakumbuka ana watoto wawili shuleni. Akasema anawakumbuka, aliwazaa mwenyewe.

Mwaka akapewa, nasi tuliuona. Bei ilipanda, wenye maduka wakagoma, mauzo yakaporomoka mpaka mhasibu akaacha kutusalimia. Mama akamshawishi mkurugenzi kwamba kila mkubwa achukue moja ya yale yaliyorudishwa dirishani akalilalie kwake. Wiki haikuisha, mhasibu akaingia kazini amepinda kama mundu, na hakupinga tena habari ya sponji.

Yale mapya niliyajaribu mimi, kwa sababu nilikuwa mzito kuliko wote na mgongo wangu ulikuwa umeshajiuzulu. Kila mchana baada ya chakula nalazwa stoo. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya kikamilifu nikiwa nimefumba macho. Nikiamka namkuta mama kasimama pembeni anauliza wapi panauma, nami nikisema hapaumi ananiambia nisimbembeleze, nigeukie upande wa pili nilale tena. Wachanganyaji wa sponji walimchoka. Mmoja alisema huyu mama akifika peponi atabonyeza mawingu kwanza ndipo akae.

Maduka aliyazungukia mwenyewe, kipande cha sponji kwapani. Akifukuzwa leo, kesho yuko mlangoni. Mwenye duka mmoja akamwambia, "Dada, nimekukataa mara ngapi?" Akamjibu, "Wewe hesabu, mimi niko kazini."

Mwaka ulipotimia tukarudi chuoni. Mauzo yalikuwa bado yanachechemea, na safari hii mkurugenzi hakuvaa tai. Yule binti hakuwepo, alikuwa ameshahitimu. Hatukumwona tena, huenda anauza viatu mahali fulani, na bila shaka anavivaa. Kwa hiyo mama alijiuliza swali mwenyewe mbele ya ukumbi mzima, akajijibu.

"Ndiyo. Tangu mwezi uliopita nalalia letu. Ila mume wangu amegoma, yuko kwenye lile lingine. Anasema atahamia mwaka ukiisha, akiona mimi sijapinda."

Ukumbi ulicheka, na mkurugenzi naye akacheka, tena kwa tumbo. Hapo tukajua ofisi imepona. Mama akangoja wanyamaze, akawaambia wanafunzi kwamba kazini wataulizwa maswali mawili matatu ambayo jibu la kweli lina gharama. Mtu ajibu kwanza, halafu ndipo atafute namna ya kulipa. Niliwaona wakiandika. Sijui wangapi wamewahi kulipa.

Mumewe alihamia. Wenye maduka walirudi mmoja mmoja, kila mmoja akiapa kwamba yeye hakuwahi kugoma. Jengo la pili la kukatia sponji limetokana na ukaidi wa mwanamke huyo, na mpaka leo kila mhitimu anayeajiriwa hapa anaanzia dirisha la malalamiko. Anayelia tunampa chai. Kuhama hatumruhusu.

Mama, asante kwa miaka yote uliyotunyima usingizi ili wengine walale. Nenda ukapumzike, ingawa hakuna hata mmoja wetu anayeamini kwamba utapumzika. Tunakuombea afya, mgongo ulionyooka na siku ndefu zenye amani.

Limebaki dogo. Msimamizi aliponikuta stoo nikikoroma, akanitangaza mbele ya kiwanda kizima kwamba ni mvivu wa kuzaliwa, wewe ulikuwa pale mlangoni na hukunitetea, kwa sababu ulikuwa umebanwa na kicheko. Baadaye ukaniambia, "Mzee, hiyo nitakulipa." Sijadai mpaka leo. Sasa mjukuu wangu yuko mwaka wa mwisho kwenye chuo kile kile. Amepata watu wanaotaka awatangazie dawa ya kukuza nywele, anajua haikuzi kitu, na wanamtaka asaini mkataba mwezi ujao. Mimi nikisema, ananiona wa darasa la tano. Jumamosi mchana huwa yuko nyumbani. Pita ukae naye nusu saa. Chai nitachemsha mimi.