Paka Aliyekula Mayai Yangu

Tumsifu Yesu Kristo. Naona wengine mmeitikia huku mkitazamana. Sawa tu. Hata mimi ningekuwa nimekaa hapo ningejiuliza, huyu mama wa Kasense leo anatafuta nini?

Ndugu zangu wa jumuiya, mnanijua. Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja, najiuliza ile ya pili ni ya nini. Mume wangu alipofariki, miaka minne iliyopita, ndiyo nikazidi. Alikula mchana vizuri, jioni hatunaye. Wakasema ni moyo. Nikasema moyo gani, mbona asubuhi alikuwa analima? Na chakula cha mchana kilikuwa kimepikwa na mkwe wangu, mke wa mwanangu. Jina silitaji, ingawa naona shingo zinageuka.

Kuanzia hapo nikajipikia mwenyewe: ugali, majani ya maboga, chai ya rangi. Yule binti aliniletea maziwa, mayai, samaki wakavu wa Ziwa Rukwa. Vyote nilimpa paka, nimpime. Paka hakufa. Nikasema basi sumu hii ni ya watu. Paka akanenepa mpaka akashindwa kuruka dirishani, na mimi bado nasubiri afe.

Nawaambieni, kumbe anayeisha ni mimi. Miguu ikaanza ganzi, nikawa natembea nayumba kama niliyetoka kilabuni. Siku moja natoka shambani, nikasimama njia panda, sijui nyumbani ni upande gani. Kisha kibuyu changu cha mbegu ya ulezi kikapotea. Nikamshitaki mkwe wangu kwa majirani, kwamba ameniibia na kwamba ndiye aliyemuua mume wangu, na wengine wenu mlikuwepo. Nikamwambia mwanangu, "Ama huyu arudi kwao Namanyere, ama natoka mimi." Binti akaanza kufunga nguo zake kwenye kanga.

Mwanangu akasema, "Mama, twende kwanza hospitali mjini. Majibu yakitoka, nitafanya unavyotaka."

Nikaenda, ila kwa jicho kali. Nesi akanitoa damu chupa tatu. Nikamuuliza, "Binti, mtu mmoja chupa tatu za nini?" Akasema moja itapelekwa Mbeya. Jamani, damu yangu ipande basi iende Mbeya, mimi nibaki! Nikajua nimeuzwa. Sukari ikasomeka juu, nikamwambia mmeniwekea kitu. Akaniuliza, "Mama, si tulikuambia uje bila kula?" Nikamwambia sijala, nimekunywa togwa tu. Akacheka mpaka akajishika mbavu, akaniambia nirudi kesho. Kesho yake sukari ikawa sawa.

Majibu ya Mbeya yalipokuja, akaniita daktari, kijana mpole. Shikamoo yake niliipokea nikimtazama mikono. Akanieleza kwamba ubongo unalishwa na damu. Sukari ikikaa juu miaka, unaumia. Na kuna vitamini inayotoka kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Ikipungua sana, kuna kitu kinapanda kwenye damu kinachotesa mishipa ya fahamu. Mtu anapata ganzi, anasahau, hata anaona kila mtu ni adui. Ikiachwa mno, kilichoharibika hakirudi chote. Yangu ilikuwa karibu kwisha.

Akauliza, "Mama, mayai unakula?"

"Anakula paka."

"Maziwa?"

"Paka."

"Na samaki?"

Nikageuka kutazama mlango. Kijana akaweka kalamu chini. Mwanangu akainamisha kichwa, na mimi nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Hata hivyo sikuamini moja kwa moja. Sindano zile kila mara niliomba kwanza nisomewe kichupa. Lakini baada ya wiki kadhaa kichwa kikaanza kutulia. Siku moja napepeta mahindi, nikakumbuka. Nikaenda kwenye kihenge cha mahindi, nikazamisha mkono mpaka begani, nikakitoa kibuyu cha ulezi. Nilikificha mwenyewe, mkwe wangu asikiibe. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo ya maji. Akasema tu, "Mama, pole, utaumiza mkono." Nililia pale pale, sikuweza kumtazama.

Ganzi ya vidole haijaisha, na daktari hakuniahidi. Wala si kila anayesahau ana ugonjwa kama wangu. Mengine hayatokani na damu. Lakini ndugu zangu, mzazi wako akianza kupotea njia, kabla hujatafuta mchawi, mpeleke akapimwe damu. Na muulize anakula nini.

Namshukuru nesi aliyevumilia maneno yangu, daktari, na mwanangu aliyesubiri majibu. Kushuku bado nashuku, sitawadanganya. Ila siku hizi naanza kujishuku mwenyewe.

Juzi nimekaangiwa mayai mawili, nikayala yote bila kumwonjesha mtu. Paka alikaa miguuni pangu akinitazama. Nikamwambia zamu yako imeisha.

Sasa wewe mkwe wangu, mwanangu, simama. Usione haya. Nilikuita mwizi na muuaji mbele ya watu hawa, kwa hiyo mbele yao hawa hawa naomba unisamehe.