Hosea Msengi: Miaka Ishirini na Saba ya Kupima Matairi

Hosea Msengi, fundi mkuu wa karakana ya Kliniki Tembezi ya Nyika, anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya utumishi wa miaka ishirini na saba na miezi miwili. Aliingia kwenye lango letu la Unyambwa mwezi Aprili 1998 akiwa na boksi la spana, viatu vya kuazima na barua ya mchungaji wake wa Iramba. Gari tulikuwa nalo moja. Leo tunayo manne, na hakuna hata moja ambalo hajalala chini yake.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi, Editha wa stoo ya vipuri, niandike ukurasa mmoja wa kuchangamsha. Nilipompelekea Hosea rasimu aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Simeoni yuko wapi humu?" aliniuliza.

Nikamwambia hii ni sherehe.

"Basi kama Simeoni hayumo, na mimi nitoe."

Kwa hiyo nimeandika upya, na ukurasa umezidi mmoja.

Wengi wenu mnamjua kwa ile futi ya fundi cherehani anayoivaa shingoni. Ndiyo anayopimia matairi. Wauguzi wapya wote aliwafundisha kusoma namba za ubavuni: 235 ni upana kwa milimita, 85 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, 16 ni inchi za rimu. Muuguzi mmoja alimuuliza hayo yanamsaidia nini yeye wa chanjo. Hosea akamjibu, "Wewe unasoma tarehe kwenye kichupa cha dawa kabla hujachoma. Na mimi ninakuomba usome tairi kabla hujapanda."

Tarehe hasa ndiyo iliyompatia sifa pale Mkiwa. Muuzaji mmoja wa barabarani alitupangia matairi yanayong'aa, meno marefu, akaapa kuwa ni mapya kabisa. Hosea akainama, akasoma zile tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa, akampa mkono yule muuzaji. "Hongera, ndugu yangu. Hili lina miaka tisa. Lingekuwa mtoto lingekuwa darasa la tatu." Watu wa pale walicheka mpaka muuzaji naye akacheka. Tuliondoka bila tairi.

Simeoni Andrea ndiye aliyekuwa akiendesha siku ile. Alikuwa dereva wetu tangu mwaka 2001, mtu mwembamba, mpole, asiyepiga honi bila sababu. Yeye na Hosea walikula sahani moja kila mchana kwa miaka kumi. Simeoni alitokea kijiji kilicho chini ya mteremko wa Sekenke, kwenye ukingo wa mbuga, na njia ya kushukia huko, ile ya zamani ya wachimbaji, aliijua jiwe kwa jiwe.

Mwishoni mwa mwaka 2010 tuliamua kulinyanyua gari kubwa. Kila msimu wa mvua lilikuwa likikwama mbugani, tope jeusi likifika kwenye vyombo vya chini. Hosea akalifunga springi mpya na shokapu ndefu. Likapanda inchi mbili. Marafiki wa kliniki wakatuletea zawadi ya matairi matano ya njia zote, ya 315/75 kwa rimu ya 16. Yalikuwa makubwa. Yale tuliyoyazoea, 235/85, yana kimo cha sentimita themanini hivi. Haya yalifika themanini na nane.

Niliyatoa stoo mwenyewe na saini yangu ipo. Hosea alipiga hesabu yake mbele yangu: gari limepanda sentimita tano, tairi linaongeza nne tu kwenda juu, nafasi ipo. Akayafunga. Akakata usukani kushoto, akakata kulia, hakuna kilichogusa. Simeoni akalizunguka gari akitabasamu. "Fundi, sasa nitahitaji ngazi," alisema. Tulipiga picha. Ninayo mpaka leo, na sijawahi kuitundika.

Kosa lilikuwa hapo, na Hosea anataka liandikwe lilivyo. Alipima gari likiwa tupu, limesimama sawasawa. Hakulipima likiwa na mzigo, springi zimelala, gurudumu moja juu ya jiwe na usukani umekatwa mpaka mwisho. Tena tairi lile halikukua kwenda juu tu, lilipanuka pia kwa ndani sentimita nne. Kila Simeoni alipokata kona kali na mzigo, bega la tairi lililamba mpira unaopitisha mafuta ya breki za mbele, kidogo kidogo, kwa wiki saba.

Tarehe 17 Februari 2011, saa nne asubuhi, gari lilikuwa likiteremka Sekenke na friji ya chanjo, maboksi ya dawa, muuguzi Evodia na wahudumu wawili. Mpira ule ukapasuka. Breki za nyuma peke yake hazikutosha kwa uzito ule, na gia nayo ilishindwa kulishika gari, kwa sababu tairi kubwa huipunguzia gia nguvu. Kushoto kulikuwa na korongo. Kulia kulikuwa na ukingo wa mawe. Evodia anasema Simeoni alitamka maneno matatu tu: "Dada, shika sana." Kisha akaligeuzia gari kwenye mawe, upande wake. Wote watatu waliokuwa nyuma walitoka hai. Yeye alifia kwenye usukani.

Taarifa ya kwanza iliandikwa haraka, ikasema chanzo ni mwendo kasi wa dereva. Hakuna aliyeipinga. Gari lililetwa karakana limefunikwa turubai, na Hosea akaomba aachwe nalo. Alipotoka chini yake alikuwa ameshika kile kipande cha mpira, kimesagika upande mmoja mpaka nyuzi zinaonekana. Akaja stoo. Sikuwahi kuona uso wa namna ile.

"Editha, siyo mwendo," alisema. "Ni tairi nililofunga mimi."

Nilimwambia asubiri. Nitakiri hapa kwamba nilimwambia hivyo, kwa sababu niliogopa, kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Hosea hakusubiri. Aliandika barua kwa mkono wake, kurasa mbili na mchoro, akaipeleka ofisini pamoja na kile kipande. Alisimamishwa kazi miezi mitatu, na alipoitwa tena alirudi kama fundi wa kawaida. Ukuu wa karakana hakuupata tena mpaka mwaka 2016. Lakini taarifa ilirekebishwa, na jina la Simeoni likasafishwa.

Kabla hata barua haijajibiwa alikuwa ameshakwenda kijijini. Nilikwenda naye. Elina, mjane wa Simeoni, alitupokea uani, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamwita Hosea kwa jina la mwanawe: "Baba Noel, mimi nimesikia. Ingia ndani uyarudie kwa baba mkwe. Wiki yote hii watu wanamwambia mwanawe alikuwa anakimbiza gari."

Mzee Andrea alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Hosea akainama, "Shikamoo, baba." Mzee akaitikia, "Marahaba." Hosea akamweleza yote: springi, hesabu ya sentimita, gari tupu, gari lenye mzigo. Alieleza taratibu kama anavyowaeleza wauguzi. Mzee Andrea akasema, "Shikamoo yako nimeipokea. Hayo mengine sijayapokea."

Hosea akasema, "Ndiyo, baba." Tukaondoka.

Alirudi kule kila mwaka baada ya mavuno. Alipeleka sukari, alirekebisha paa, mwaka mmoja alichimba choo. Kila mara alisalimia na mzee akaitikia marahaba, wala hakuna neno lingine lililofuata. Elina alikuwa akimpa chai. Niliwahi kumuuliza Hosea kwa nini anaendelea kujitesa. Akaniambia, "Ananiitikia. Angeweza kuacha."

Huku karakana alibadilika. Vicheko vilipungua. Aliweka sheria ambazo sasa zimebandikwa ukutani kwa mwandiko wake, nami nimezinakili kwa faida ya wageni wetu. Gari likinyanyuliwa, tairi halichaguliwi kwa macho wala kwa picha. Gari linapakiwa mifuko ya mchanga ya uzito wa safari, gurudumu moja la mbele linapandishwa juu ya gogo, mabega ya tairi yanapakwa chaki, usukani unakatwa pande zote mbili. Popote chaki itakapoonekana, kwenye madigadi, kwenye chesisi, kwenye mpira wa breki, tairi hilo linafunguliwa. Na gari lolote alilobadilisha matairi au springi, safari yake ya kwanza yenye mzigo alipanda mwenyewe, akakaa mbele karibu na dereva. Nimehesabu kwenye kitabu cha safari: mara arobaini na moja.

Mwaka 2017 meneja wetu wa wakati huo, Leonidas, alipata zawadi ya matairi makubwa mengine kwa ajili ya gari jipya, na wapiga picha wakaalikwa. Hosea akakataa kuyafunga. Leonidas akasema wageni watatuona washamba, gari refu na vitairi vyembamba. Hosea hakubishana. Alipakia mchanga, akapaka chaki, akamwita meneja akate usukani kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akampa tochi aingie chini. Leonidas alitoka na tai yake imejaa vumbi, akasema, "Rudisha 235." Tairi jembamba, Hosea alitueleza siku ile, hukata tope mpaka likafika chini kwenye ardhi ngumu. Lile pana hubaki juu likiteleza. Na kwa barabara ya mchanga unapunguza upepo, unapita, unajaza tena. Matairi hayo ya zawadi yapo nyuma ya stoo. Kuku wa mlinzi wanataga humo.

Aprili 2018 mvua zilikuwa nyingi. Elina akapiga simu: mzee Andrea anashindwa kupumua, na gari dogo haliwezi kufika. Tulikuwa tumetoka kulifunga gari kubwa matairi mapya siku mbili nyuma. Hosea akapanda mbele na dereva Deo, Evodia nyuma na mtungi wa oksijeni. Walifika. Mzee akatolewa nje juu ya godoro, akaliona gari, akainua mkono wabebaji wasimame. Akamtafuta Hosea kwa macho.

"Umeyapima?"

"Nimeyapima, baba."

"Na mzigo?"

"Na mzigo."

Mzee akashusha mkono. "Haya. Twende."

Alipanda Sekenke akiwa ameshikilia mkono wa Hosea, ambaye safari hiyo ya kurudi alikaa nyuma. Alifariki hospitalini siku ya nne. Evodia alisema wakati ule kwamba mzee alikuwa amemsamehe. Hosea alimkatalia. "Hakusema hivyo. Alisema twende." Hajawahi kudai zaidi ya hapo, na mimi sitamdaia.

Ijumaa iliyopita karakana ilikabidhiwa kwa Happiness, fundi ambaye Hosea amemfundisha kwa miaka sita. Happiness amelifungia gari la njia ya Mkiwa matairi ya 265/75, mapana kidogo kuliko apendavyo mwalimu wake, kwa sababu huko mchanga ni mwingi kuliko tope. Walibishana nusu siku. Chaki haikuonekana popote. Hosea akavua futi shingoni, akaikunja, akaiweka mezani pasipo hotuba. Safari ya kwanza ilipoondoka, Happiness ndiye aliyekaa mbele. Hosea alibaki langoni na mikono yake haikujua pa kukaa.

Anakwenda Mkalama, kwa mkewe Kristina, kulima alizeti na vitunguu. Mama Noel ametuambia jambo ambalo sisi wa kazini hatukulijua: kwamba tangu ule mwaka wa ajali, akiwa nyumbani na wingu likitanda tu, mumewe huacha chakula mezani na kwenda kusimama uani na simu mkononi, mpaka asikie gari limerudi.

Baba Noel, wafanyakazi wenzako wa Unyambwa tunakushukuru. Tunakushukuru kwa kila aliyeshuka Sekenke akapanda tena, na kwa ile barua ya kurasa mbili ambayo wengine wetu tusingeiandika. Magari sasa ni jukumu letu. Tunakuombea afya, shamba lenye kuzaa, na wajukuu wa kukusumbua. Na mvua ikinyesha Mkalama, kaa mezani umalize chakula chako. Iwe mvua ya alizeti tu.