Kinyaa Ninacho, Nipe Mguu

Ndugu zangu, mchungaji ameniomba niseme kwa upole. Amenishika mkono pale mlangoni akaninong'oneza, "Mzee, leo tuna wageni, usichafue hali ya hewa." Nitajaribu. Lakini ushuhuda wangu una uvundo, na mimi sijafundishwa kusimulia uvundo kwa upole. Majina sitataja. Wengine wameshatangulia, na wengine wamekaa humu humu ndani na wanajijua.

Nilikuwa mkata mkonge upande wa Magoma. Baba yangu alitoka mbali kuja kukata mkonge, nami nikazaliwa kambini, nikabatizwa kambini, nikapewa panga. Aliyekata mkonge anaujua ule mwiba wa kwenye ncha ya jani, mweusi na mgumu kama msumari. Siku moja ulinichoma hapa kwenye muundi. Sasa sisi watu wa kambi tulikuwa na dawa yetu ya kijinga: jani lililokuchoma ndilo linalokutibu. Unalikamua, maji yake unayatia kwenye kidonda. Maji ya mkonge yanawasha mpaka machozi yanatoka, na sisi tukiambiana kwamba kinachowasha ndicho kinachoua sumu. Nikakamua. Kesho yake nikakamua tena. Kidonda badala ya kufunga kikachimba, kikawa donda ndugu.

Mnaocheka huko nyuma, chekeni. Mimi mwenyewe nikikumbuka nasikia kichefuchefu.

Nawaambia, donda ndugu halimwui mtu upesi. Linamwozesha akiwa anatazama. Lilikuwa na mdomo wa kijani, linatoa maji, na nzi walinijua kuliko ndugu zangu. Nikivaa suruali inagandia, nikiivua inatoka na nyama. Nyapara aliponiona nachechemea aliniambia nirudi nikipona, na maana yake sote tuliijua: nisirudi.

Wakati huo ndio watu walikuwa wanahamia vijijini. Nikavuka kuja upande wa Handeni, nikapewa kiwanja katika kijiji kipya cha ujamaa. Wenyeji walikuwa Wazigua, Waislamu, watu wa jembe. Sisi Wakristo tuliotoka mashambani tulikuwa wachache, tuna kanisa letu la miti na udongo. Nilifurahi. Redio ya kijiji ilikuwa ikituambia kila siku kwamba sisi sote ni ndugu. Nikasema, hapa nitapata watu.

Nilipata watu, ndiyo. Kwenye shamba la kijiji nilipangiwa kufukuza nyani, peke yangu, kule ambako upepo hauvumi kuelekea kwa wenzangu. Hilo nililimeza, watu walikuwa wanataka kula chakula chao kikae tumboni. Lakini kanisani, ndugu zangu! Jumapili moja mzee wa kanisa alinifuata kwenye benchi, akainama, akaniambia kwa sauti ya asali, "Ndugu, tumeona ukae pale nje, dirishani, upate hewa safi."

Mimi nipate hewa safi! Mimi!

Nikakaa nje chini ya dirisha. Wakati wa kuombea wagonjwa, mzee yule akanyoosha mkono kupitia dirishani kuniombea, na mkono wake mwingine umeshika kitambaa puani. Hata maneno ya sala yalitoka kama ya mtu mwenye mafua. Waumini wakasema amina, wakaimba, wakatokea mlango wa upande wa pili. Nilitema mate pale chini. Nawaambia ukweli mbele za Mungu, sikuwahi kuona kinyaa kwa kidonda changu kama nilivyoona kwa amina ile. Sikurudi tena. Nikajifungia ndani, nikasema kama huo ndio Ukristo, basi usaha una nafuu, maana haujifanyi manukato.

Tulieni, mchungaji, nafika.

Kulikuwa na mama mmoja pale kanisani, mjane. Mumewe naye alikuwa mtu wa mkonge. Sio kwamba alikuwa na cheo. Kwenye kwaya walimweka pembeni kwa sababu sauti yake ilikuwa inakwaruza. Asubuhi moja nikasikia hodi. Nikamjibu vibaya, maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Akaingia hivyo hivyo, na karai la maji ya moto yaliyotiwa chumvi, na kipande cha khanga kuukuu.

Nikamwambia, "Mama, kama umekuja kuniombea, dirisha lile pale."

Akasema, "Sikuja kuomba. Nimekuja kuosha."

Akapiga magoti, akafungua tambara nililokuwa nimefungia. Harufu ikapanda. Nikamwona uso unabadilika, akainuka mbio, akaenda nyuma ya nyumba. Nikamsikia anatapika. Ndugu zangu, nilifurahi! Nikasema moyoni, haya, mmoja wao huyo, na huyu naye ataondoka. Akarudi anajifuta mdomo kwa ncha ya khanga.

Nikamwambia, "Na wewe umeona kinyaa."

Akaniangalia. "Nimeona. Kinyaa ninacho, baba, nisikudanganye. Sasa nipe mguu."

Nikampa.

Alikuja kila asubuhi. Siku nyingine alitapika, siku nyingine hakutapika. Alifunika kidonda kwa jani changa la mgomba alilolipitisha kwenye moto, akaenda zake shambani. Hakunihubiria hata mstari mmoja. Jirani yangu, mzee wa Kizigua, mtu wa swala tano, akawa anaangalia kupitia uani kwake. Baada ya muda nikaona kuni zimewekwa mlangoni pangu. Nilipomuuliza, akajibu, "Yule mama anachemsha maji kila siku. Maji hayachemki kwa jua."

Lakini donda lilikuwa limeshaingia ndani mno. Nikapata homa, mtoki ukavimba kwenye kinena, mguu ukafura mpaka gotini. Mama yule akaugusa, akasema, "Huu sasa ni wa hospitali, tena leo. La sivyo, utaukosa huu mguu, na wewe mwenyewe tutakukosa."

Hospitali ilikuwa Korogwe. Kufika barabara ya malori ni mwendo mrefu, na mgonjwa wa namna yangu anabebwa juu ya kitanda cha kamba, kimefungiwa miti, wanaume wanne mabegani, wengine wanafuata kupokezana. Hiyo ni kazi ya wanaume. Mwanamke habebi kitanda cha mgonjwa, Mzigua hakubali, Msambaa hakubali, hata sisi watu wa kambi hatukubali. Mwanamke akionekana chini ya kitanda, maana yake kijiji kile hakina wanaume.

Mama akaenda kwa wanaume wa kanisa. Mmoja mgongo unamuuma. Mwingine ana kikao kwa balozi wa nyumba kumi. Mzee wa kanisa akasema tusubiri trekta la kijiji, nalo lilikuwa bovu tangu masika, na yeye anajua. Mimi nimelazwa pale uani juu ya kitanda, nzi wananila, nasikia kila udhuru unavyoletwa. Sijui kama mnajua kichefuchefu cha kusikia watu wanajadiliana kwa adabu kabisa jinsi ya kukuacha ufe.

Mama hakubishana nao. Alijifunga khanga kiunoni, akakunja nyingine akaiweka begani, akaingia chini ya mti wa mbele wa kitanda changu. Akainua. Kona moja ya kitanda ikapanda, mimi nikaserereka kidogo, wanawake wakapiga ukelele.

Jirani yangu alikuwa anatoka shamba. Akatupa jembe. "Mama! Toka hapo! Usituvue nguo mbele za watu!"

"Sitoki," akasema, na jasho linamtiririka. "Nipe bega ndipo nitoke."

Mzee wa Kizigua akavua kofia yake, akaitia mfukoni, akaingiza bega mahali pake. Kisha akageuka akawaita vijana wa msikitini kwa majina, na sauti yake siku hiyo haikuwa ya kubembeleza. Wakaja wawili wakikimbia. Kona tatu zikawa na watu. Ya nne ilikuwa wazi, kule kwenye mguu mbovu.

Watu wote wakamgeukia mzee wa kanisa. Akaja, pole pole, na kitambaa puani. Mama akasimama mbele yake.

"Baba, hicho kitambaa toa. Anakuona."

Akakitoa. Akabeba. Njiani nilikuwa naona shingo yake tu, mishipa imemtoka, na usaha wangu unadondokea begani kwake. Mahali fulani tukapumzika, akaenda kichakani akatapika kama alivyotapika yule mama. Aliporudi vijana walitaka kumpokea, akakataa. Akaniambia, "Nisamehe, ndugu yangu. Siku zile nilikuombea kwa mbali." Mimi sikumjibu. Nawaambia ukweli, sikuwa tayari, na sikutaka kujifanya. Nilimjibu baada ya wiki nyingi, nikiwa kitandani hospitali, alipokuja na uji.

Walinikwangua mpaka mfupa. Mguu huu hapa, mmeuona nilivyoingia nao. Mfupi kidogo, lakini wangu.

Nawashukuru. Namshukuru mama yule, ambaye amelala kwenye makaburi ya kule Handeni, na sijasikia sauti tamu kuliko yake ile ya kukwaruza. Namshukuru mzee wa Kizigua, ambaye hakuwahi kuingia kanisani, ila siku tulipomzika mama alisimama mwanzo hadi mwisho. Na yule mzee wa kanisa namshukuru pia, maana tangu siku hiyo hakuna kitanda kilichobebwa kijijini kwetu asiwe chini yake, cha Muislamu au cha Mkristo, mpaka magoti yalipomshinda. Mimi nilirudi kanisani kwa sababu ya hao, wala si kwa mahubiri.

Mkiniuliza somo, ni hili: msingoje kinyaa kiishe ndipo mpende. Hakiishi. Mimi mwenyewe bado ninacho, na kinachonichefua zaidi ni upendo wa dirishani.

Sasa nasema la mwisho, mchungaji, na utaniwia radhi. Hapa Kwamndolwa nilikohamia uzeeni, nyuma ya kanisa hili hili, kuna mama ana kidonda cha ziwa. Wengi mnamjua, maana nimewaona mnavyozunguka njia ili msipite mlangoni kwake. Jumapili iliyopita mlimtaja kwenye sala, na mkasema amina vizuri sana.

Maji nimeyaacha jikoni kwa mke wa mchungaji, yanachemka. Mimi natoka sasa hivi, na mguu wangu hauwezi kubeba karai zito. Amina zenu kaeni nazo. Nani anainuka?